Vitabu Vilivyobaki Safi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimeloa hadi magotini. Shule ilikuwa ndani kabisa ya Walikale, kule ambako mti ukianguka njiani watu wanaupanda na kuushuka miezi mingi bila kuuliza nani atauondoa. Nilikuwa msichana mwenye diploma mpya na viatu vibaya. Direkta wa shule, mzee mwembamba aliyekuwa katekista kabla ya kuwa direkta, aliangalia miguu yangu, akacheka kidogo, akanikaribisha ofisini. Ndani kulikuwa na meza moja, kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gari, na sanduku la bati. Alilifungua sanduku, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya plastiki. Ndani ya plastiki kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa, kitabu.

"Mwalimu, hii njo kitabu ya mwaka wa kwanza," alisema. "Iko kimoja tu. Nimekichunga mbele hawa batoto bazaliwe. Ukikipoteza, umepoteza masomo ya kijiji muzima."

"Na batoto beko ngapi, Direkta?"

"Utabahesabu wewe. Mimi nilichoka kubahesabu."

Nikamuuliza kila mtoto atakishika kwa zamu gani. Alinitazama kana kwamba nimemwomba mke wake.

"Kitabu iko ya mwalimu. Mutoto anakiangalia na macho tu. Mikono ya mutoto na kitabu, hapana!"

Nilimwamini. Na kwa haki, pale hakukosea. Kitabu kimoja kwa darasa lililojaa hadi mlangoni, kikipita mikono yote hiyo, kingeisha kabla ya Noeli. Nawaombeni mshike jambo hilo, ninyi mnaoshika chaki leo, maana mbegu ya kosa langu ilipandwa siku ile na mtu mwema, kwa sababu nzuri.

Basi, bila vitabu, tulisomesha namna gani? Tulisomesha kwa kutengeneza. Tablo, ubao wetu wa kuandikia, ilikuwa mbao tatu zilizopigiliwa pamoja. Ilipopauka tuliipaka weusi upya: unapasua betri za tochi zilizokufa, unasaga ule unga mweusi wa ndani, unauchanganya na majani ya muhogo yaliyotwangwa, unasugua kwa kitambaa na kuacha ikauke. Mikono inabaki myeusi siku mbili, na majirani wanauliza umeolewa na fundi wa makaa. Kadi za silabi, yaani ma, me, mi, mo, mu, kila moja peke yake, nilizikata kwenye maboksi ya sabuni. Herufi tuliandika kwanza kwenye udongo wa uwanja kwa kidole, mvua ikija inafuta, tunaanza tena. Fishi, ile karatasi ambayo mwalimu anapanga somo lake jana yake, niliiandika hata siku za homa.

Vijiti vya kuhesabia ndivyo vilivyonifurahisha kuliko vyote. Kanuni ilisema kila mtoto awe na kumi. Baba mmoja mwindaji alikuja darasani asubuhi, jina lake silitaji, akamwaga mezani furushi la miiba ya nungunungu, mirefu, yenye mistari myeupe na myeusi. "Mwalimu, hii haivunjike," alisema, "na mutoto hataibeba kuwashia moto." Watoto wa darasa lile walihesabu haraka kuliko darasa lolote nililopata baadaye. Na wakichomana, basi wanachomana, ni watoto.

Nilikaa kule miaka mingi. Kisha nikahamishiwa Masisi, Nyabiondo, kwenye milima ya maharage na muhogo, ambako nilijifunza kupumua upya kwa ajili ya vile vilima. Huko ndiko nilikokutana na konseye. Konseye ni mtu wa ofisi ya elimu anayepita shuleni kumsaidia mwalimu, tofauti na enspekta ambaye anakuja kumpima. Huyu alikuwa bado kijana, alikuja nyuma ya pikipiki akiwa na matope hadi kwenye miwani. Alikaa benchi ya mwisho, kati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nikafundisha. Nilikuwa hodari, najisifu bila aibu: watoto waliimba ukurasa mzima wa kwanza, sauti moja, bila kukosea.

Baadaye akaniambia, taratibu, "Mama Mwalimu, banaimba muzuri sana. Lakini ni nani kati yao alisoma?"

Nilikasirika. Nikamwambia wote wamesoma, ana masikio.

"Njo ile. Mimi niko na masikio, na bao pia beko na masikio. Banasoma na masikio. Mutoto anapashwa kusoma na kidole, Mama. Kidole chini ya neno, jicho juu ya kidole. Kama kidole haitembee, mutoto hatembee."

Tangu hapo nilifundisha kwa kidole. Niliandika maneno kwenye magunia ya unga yaliyofuliwa, nikayatandika chini, watoto wakapiga magoti na kufuata mstari kwa kidole. Konseye alirudi mara tatu mwaka ule. Mara ya mwisho aliniambia mimi ni mwalimu. Nimepata barua nyingi za ofisi maishani, lakini neno lile ndilo ninalolihifadhi.

Nawaambieni haya ili msiseme kwamba sikujua. Nilijua. Mtu aliyefundishwa jambo na akalisahau siku inayohitajika, huyo hana wa kumlaumu.

Mwisho nikapelekwa Burungu, upande wa Kitchanga, kwenye malisho. Asubuhi kule ni ukungu na kengele za ng'ombe. Watoto wengi walikuja darasani baada ya kusaidia kukamua, wananuka maziwa na moshi, na viganja vyao vina matope ya zizi. Direkta wa pale alikuwa mdogo kwangu kwa umri, akaniita Mama, akanikabidhi madarasa ya chini yote. Nilikuwa nimekuwa mtu mkubwa.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja wa masomo vikaja vitabu. Sikumbuki gari lilikuwa la nani. Nakumbuka maboksi. Vitabu vipya vya mwaka wa kwanza, kwa Kiswahili chetu, vyenye picha za rangi, vya kutosha watoto wawiliwawili kila kimoja. Nilifungua kimoja nikakinusa. Nililia pale mbele ya walimu wenzangu, sikuona haya. Miaka yote ile ya betri na maboksi ya sabuni, na sasa vitabu hivi hapa.

Direkta akanipa ufunguo wa kabati la darasani. "Mama, utabagawia batoto kesho?"

"Kesho? Na mikono ile?" nikamjibu. "Tungoje kwanza enspekta apite. Avione vikiwa bipya."

"Mama, hii bitabu ni ya batoto ao ni ya kabati?"

"Akiba haiozi, Direkta."

Alikuwa na heshima, akanyamaza. Ningefurahi leo kama angekuwa na heshima kidogo pungufu. Niliweka vitabu ndani ya kabati, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni kwa uzi. Kwetu kila nyumba ina sahani za wageni, zile za maua, ambazo watoto wa nyumba hawazilii hata siku moja. Mama yangu alikuwa nazo sita. Alikufa zote sita zikiwa nzima, na sisi tulikulia kwenye bakuli za plastiki. Mimi nikafanya vitabu vile sahani za wageni. Nilinyanyua kimoja mbele ya darasa, nikaonyesha picha kutoka mbali, nikaandika ukurasa kwenye tablo, watoto wakaimba. Ndiyo, waliimba tena.

Kulikuwa na msichana mmoja anayeitwa Riziki, umri wa miaka saba hivi, binti wa wafugaji. Siku ya pili tu tangu vitabu vifike, alikuja mezani kwangu.

"Mwalimu, nikishike tu kidogo."

"Angalia mikono yako kwanza, Riziki. Unaona hiyo? Ni zizi muzima. Enda unawe."

Alitoka. Alirudi mikono ikitiririka maji. Nikamwambia imeloa, karatasi itaharibika. Kesho yake alikuja mikono imeoshwa na imekauka. Akanyoosha viganja mbele yangu, kisha akavigeuza nione upande wa pili. Nikaona weusi ndani ya kucha. Kesho yake tena kucha zilikuwa zimesuguliwa kwa mchanga hadi vidole vimekuwa vyekundu. Nikamwambia, "Muzuri sana. Sasa tunangoja enspekta."

Mngedhani angechoka. Hakuchoka. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye benchi, Riziki alipita mezani kwangu, akanyoosha mikono, akaigeuza, akangoja. Mimi natikisa kichwa, yeye anakwenda kukaa. Ikawa kama salamu yetu. Walimu wengine walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao, nikasema huyu mtoto atakuwa daktari. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mvua ikaisha, mvua nyingine ikaanza.

Enspekta alifika siku ya Ijumaa. Alishuka kwenye pikipiki, akavua miwani kuifuta, nikamtambua: konseye wangu wa Nyabiondo, sasa ana mvi na cheo. Tulisalimiana kwa furaha kubwa. Nikampeleka mbele ya kabati kama bibi harusi anayeonyesha kitanda. Nikafungua. Vitabu vimesimama kwa mstari, migongo inang'aa.

Alichukua kimoja, akakifungua. Kurasa zilitoa ule mlio wa karatasi ambayo haijawahi kufunguliwa. Akachukua cha pili. Cha tatu.

"Bilifika lini?"

"Mwanzo wa mwaka, Enspekta. Angalia, hakuna hata alama moja."

"Naona," alisema. "Hakuna hata alama ya kidole moja."

Aligeuka kwa darasa, akamwita mtoto aliye karibu, na aliye karibu alikuwa Riziki. Akamnyooshea kitabu. Riziki hakukichukua. Alinyoosha mikono yake mbele ya enspekta, viganja juu, kisha akaigeuza.

"Unafanya nini, mutoto wangu?"

"Naonyesha mikono. Nilinawa."

Enspekta alinitazama. Nimetazamwa na watu wenye bunduki katika maisha haya ya Masisi, na bado macho ya mtu yule siku ile ndiyo yanayonirudia. Alimwekea Riziki kitabu mikononi, akafungua katikati, mahali ambapo darasa halijawahi kufika wala kuimba. Akachukua kidole cha shahada cha mtoto, akakiweka chini ya neno. Riziki alipumua kwa nguvu. Midomo ikasogea bila sauti. Kidole kikatembea kidogo, kikarudi, kikatembea.

"Ma," alisema. "Ma-zi. Ma-zi-wa." Akapiga kelele hadi darasa la pili wakasikia: "Maziwa! Mwalimu, hii njo maziwa! Iko maziwa!"

Alikuwa ameona neno ambalo hakuambiwa na mtu. Wale walioifanya kazi hii wanajua sura ya mtoto wakati huo, na wasioijua siwezi kuwaeleza. Ningeweza kumpa sura ile miezi mingi kabla, na siyo yeye peke yake.

Kabla ya kupanda pikipiki enspekta alinivuta pembeni. Hakunifokea. "Mama, siku ya kwanza ya juma, asubuhi, ugawanye byote. Na hii kimoja, shika, enda nacho kwako nyumbani. Ukichafue wewe mwenyewe, uzoee."

Nikapanga kugawa Jumatatu. Wakati wa kutoka, Riziki alinisubiri mlangoni. Nikamwambia, "Siku ya kwanza, wewe njo utaanza kuchagua." Aliuliza kama atanawa pia siku hiyo. Nikamwambia ndiyo. Hata hapo nilimwambia ndiyo.

Mtu ataniuliza kwa nini sikugawa Ijumaa ile ile, ufunguo ukiwa shingoni. Sababu ni kwamba nilitaka kwanza kuviandika namba. Hiyo tu.

Jumapili risasi zilianza juu ya kilima, upande wa malisho. Nani alikuwa anampiga nani, waulizeni wengine. Sisi tulioko chini tunajua tu upande ambao sauti inatoka na upande wa kukimbilia. Watu walitoka kanisani moja kwa moja hadi barabarani. Nilibeba godoro, sufuria, mfuko wa nguo. Ndani ya mfuko, bila kukusudia, kitabu kimoja kile. Shingoni, ufunguo. Nilipita mbele ya shule. Kabati lilikuwa limefungwa vizuri.

Tulikaa kambini muda mrefu, chini ya mahema ya plastiki, mvua ikipiga hadi huwezi kusikia mtoto wako. Niliwakusanya watoto wa mwaka wa kwanza, wa popote walikotoka. Hakukuwa na tablo, hakukuwa na betri hata moja ya kupasua. Kulikuwa na kile kitabu. Sikumwambia mtoto yeyote anawe, na maji yenyewe yalikuwa ya kugombania. Walikishika kwa mikono ya matope, ya mafuta, ya kamasi. Jalada lilitoka juma la pili. Pembe zikawa duara. Na walisoma, jamani. Watoto wale walisoma. Kila mmoja aliyefanikiwa, niliangalia nyuma yake kama Riziki yuko. Nilimuuliza kila mtu aliyetoka Burungu. Wengine walisema familia ile ilifuata ng'ombe wao upande wa msitu, wengine walisema hapana.

Njia ilipofunguka nilirudi kuangalia. Watu waliokosa makao walikuwa wamelala shuleni miezi ile. Kabati halikuwa na milango. Mbao zake zilichomwa, na kufuli lilikuwa chini, bado limefungwa, limeshika kipande cha mbao. Vitabu navyo viliwasha moto. Nilikuta majivu pembeni ya ukuta na kipande cha ukurasa chenye mkia wa ng'ombe. Mama mmoja aliyekuwa bado pale aliniona nimeinama nakiokota, akaogopa.

"Mama, utusamehe. Kulikuwa baridi, na batoto balikuwa bagonjwa. Tulidhani ni bitabu bya bure. Bilikuwa bipya, hakuna mutu alibisoma."

Ningekuwa mimi, na mwanangu anatetemeka, ningewasha pia. Nilimshika bega nikamwambia hakukosa. Ufunguo niliurudisha kwa Direkta. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima yake ileile, akauweka mfukoni, tukaongea habari za mabati.

Nilifundisha miaka mingine baada ya hapo, kisha ikaja barua ya kustaafu, na kwaya ya watoto, na kitenge. Sasa nakaa Bihambwe kwa mwanangu. Walimu vijana wanapita kunisalimia, wananiuliza siri ya kazi. Wanataka niwaambie habari za betri na miiba ya nungunungu, na mimi nawaambia, kwa maana ni kweli na inasaidia. Lakini wakianza kunionyesha picha za shule yao kwenye simu, mimi natafuta kabati. Nikiona vitabu vimepangwa vizuri, natukana. Wanadhani ni uzee. Watu wanapenda kusema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakuja tu, yalihamia nyumbani kabisa.

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa uani nachambua maharage. Mwanamke kijana alisimama kwenye uzio, mtoto mgongoni, bidoni ya maziwa kichwani. Aliniuliza kama nataka. Nikamwambia ashushe. Alipoiweka chini nikaona juu ya bidoni ile ya njano neno limeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi zimelala huku na huku: MAZIWA.

"Nani alikuandikia?"

"Mimi mwenyewe," alisema, akacheka kwa haya. "Njo neno moja nilijua. Zingine sijue. Nilisoma kidogo tu, kule Burungu, vita ikatukimbiza. Kisha ikabakia ng'ombe, kisha bwana."

Nilisimama. Maharage yakamwagika. Nikamwita jina lake. Alinitazama muda mrefu, akitafuta uso wa zamani ndani ya huu uliokunjamana, na alipoupata hakunikumbatia wala hakulia. Alifanya kitu kimoja tu, kabla hata hajasema neno. Alinyoosha mikono miwili mbele yangu, viganja juu, kisha akaigeuza.

Nilimwekea kiti. Niliingia ndani nikafungua mfuko, nikatoa kile kitabu. Hakina jalada, kimekuwa cheusi kwa vidole vya watoto wa kambini, kurasa nyingine zimeshikwa kwa uzi. Nilipotoka nacho hakuwepo kwenye kiti nilichomwekea. Alikuwa kwenye beseni la maji kando ya jiko, mtoto mgongoni, anasugua kucha kwa mchanga.

"Riziki, acha," nikamwambia. "Acha, mutoto wangu, kuya vile uko."

"Nakuya, Mwalimu," alijibu bila kugeuka. "Nakuya. Nimalize kwanza hii mukono ingine."